Namna ya kukokotoa nafasi yako halisi katika sloti za jakpoti inayokua

Msimu uliopita wa karafuu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa ukumbini nyumbani kwetu Wete tukichambua. Rundo lilikuwa kwenye jamvi katikati, makonyo yakitupwa upande mmoja na karafuu upande wa pili, na mtoto wa ndugu yangu alikuwa akichambua kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika simu. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na namba kubwa ya rangi ya dhahabu iliyokuwa ikipanda kidogo kidogo bila kusimama. “Ami,” akaniambia, “hii imeshafika milioni mia moja na themanini na haijatoka tangu Mfungo Mosi. Wiki hii haipiti.”

Mimi nasomesha hisabati skuli ya sekondari, na mada ya uwezekano naifundisha kila mwaka, lakini usiku ule sikuwa na jibu lenye namba. Nilimwomba simu, nikasoma kanuni za mchezo ule mpaka mwisho, nikachukua daftari. Mwongozo huu umetokana na daftari hilo, na nimeuandika ili mtu yeyote anayejua kujumlisha, kuzidisha na kugawa aweze kuifanya hesabu hii mwenyewe bila kumtegemea mwalimu.

Kabla ya hesabu niseme wazi ninaposimama. Kamari katika dini yetu ni haramu, na aya ya 90 ya Sura Al-Maida haina utata juu ya hilo. Kijana wangu huyo ameihifadhi aya hiyo tangu yuko chuo cha Kurani. Hukumu anaijua; anachoamini ni kwamba hesabu iko upande wake, na jambo la hesabu hujibiwa kwa hesabu. Mwongozo huu haumfundishi mtu kucheza. Unamfundisha kupima anachoahidiwa.

Hatua ya kwanza: fahamu namba inayopanda imetoka wapi

Katika sloti ya kawaida, yaani mchezo wa kamari ambao kila dau huzungusha picha mara moja, zawadi kubwa, ndiyo jakpoti, ina kiwango kimoja kisichobadilika. Katika sloti ya jakpoti inayokua, sehemu ndogo ya kila dau hukatwa na kutiwa katika chungu kimoja, na mara nyingi chungu hicho hukusanya makato ya wachezaji wa michezo mingi, na hata wa nchi nyingi, ambao hawajuani wala hawataonana. Namba inayopanda kwenye kioo, ambayo hapa nitaiita mita, ni jumla ya makato hayo pamoja na kiasi ambacho mwenye mchezo hukiweka kila mara jakpoti inapotoka ili mita isianze na sifuri. Kiasi hicho nitakiita kianzio.

Kwa hiyo mita ni daftari la yaliyopita. Inaonyesha ni mizunguko mingapi imekwisha kuzungushwa tangu mshindi wa mwisho, na haina habari yoyote ya mzunguko unaokuja. Kijana wangu aliisoma kama mtu anavyosoma maji yanayojaa pwani, kwamba yakifika alama fulani lazima yageuke, lakini bahari ina mwezi unaoiamuru na mita haina.

Hatua ya pili: fungua ukurasa wa kanuni uandike namba nne

Kila mchezo wa aina hii una mahali pa kanuni, kwa kawaida penye alama ya kuulizia au herufi ndogo pembeni ya kioo. Wachezaji wengi hawajawahi kupafungua. Tafuta dau linalokupa haki ya kushindania jakpoti, kianzio, makato yanayokwenda kwenye mita, na asilimia ya marejesho, yaani sehemu ya madau ambayo mchezo hurudisha kwa wachezaji kwa wastani wa muda mrefu. Angalia khasa kama asilimia hiyo ya marejesho imejumuisha jakpoti ndani yake au la, kwa sababu namba mbili hizo hutofautiana na tangazo hupenda kutaja ile kubwa.

Hizi ndizo namba nitakazotumia mpaka mwisho. Ziko karibu na zile za mchezo uliokuwa kwenye simu ya kijana wangu, ila nimezisawazisha ili hesabu iwe nyepesi: dau ni shilingi 500, kianzio ni shilingi milioni 20, makato ni asilimia 2 ya dau, ambayo ni shilingi 10 kwa kila mzunguko, na marejesho bila ya jakpoti ni asilimia 88.

Hiyo 88 ikufikirishe. Sloti nyingi za mtandaoni zisizo na jakpoti inayokua hutangaza marejesho ya asilimia 95 au 96. Mega Moolah, mchezo maarufu wa jakpoti uliotolewa mwaka 2006, hutangazwa kuwa na marejesho ya kawaida ya takribani asilimia 88. Tofauti hiyo ya asilimia saba au nane ndiyo bei ya kuiona mita. Anayecheza sloti ya jakpoti anapata zawadi ndogo ndogo chache zaidi kuliko ambazo angezipata katika sloti ya kawaida, kwa kuwa sehemu ya pesa zake imehamishiwa kwenye zawadi moja ambayo karibu kila mchezaji hataigusa.

Ikiwa kanuni hazitaji makato wala marejesho, huwezi kuendelea na hesabu. Mwenye mchezo ambaye hasemi anachukua kiasi gani hastahili shilingi yako hata moja.

Hatua ya tatu: kadiria uwezekano ambao hawakuuandika

Utaona kwamba namba unayoihitaji kuliko zote, yaani mzunguko mmoja una nafasi moja kati ya ngapi ya kutoa jakpoti, haimo katika zile nne. Mara nyingi haiandikwi popote. Lakini unaweza kuikadiria kwa njia isiyo ya moja kwa moja, ukitumia orodha ya washindi waliopita ambayo wenye mchezo huitangaza kwa fahari.

Tuseme orodha inaonyesha jakpoti tano za mwisho zilitoka zikiwa shilingi milioni 45, 210, 88, 31 na 226. Jumla ni milioni 600, na wastani ni milioni 120. Ondoa kianzio cha milioni 20, inabaki milioni 100 ambayo imetokana na makato peke yake. Kila mzunguko uliongeza shilingi 10. Gawa milioni 100 kwa 10, unapata mizunguko milioni 10. Hivyo, kwa wastani, jakpoti hutoka mara moja katika kila mizunguko milioni 10, na huo ndio uwezekano wa kila mzunguko wako: moja kati ya milioni kumi.

Nitakuwa mkweli kuhusu udhaifu wa makadirio haya. Jakpoti tano ni chache. Kwa namba tano kama hizo, uwezekano wa kweli unaweza kuwa popote kati ya takribani moja kwa milioni 5 na moja kwa milioni 30. Ukipata orodha ya jakpoti ishirini, makadirio yatakaza. Lakini hata ukichukua ncha iliyo nzuri zaidi kwa mchezaji, bado unazungumzia mamilioni.

Tazama pia jinsi zile tano zilivyotawanyika. Moja ilitoka kwenye milioni 31, mita ikiwa ndiyo kwanza imeanza kupanda, na nyingine ikasubiri mpaka milioni 226. Hakuna kiwango ambacho jakpoti “hupenda” kutokea.

Hatua ya nne: ione namba hiyo kwa macho

Akili ya binadamu haioni tofauti kati ya milioni moja na milioni kumi. Zote ni “nyingi sana”. Ndiyo maana nilikwenda kwenye mizani. Nilipima gramu 10 za karafuu kavu, nikazimwaga kwenye sinia na kuzihesabu moja moja kwa ncha ya kijiti, zikatoka 103. Ukichukua karafuu kumi kwa gramu, kilo moja ina karafuu 10,000, na gunia la kilo 50 lina karafuu nusu milioni. Milioni kumi, basi, ni magunia ishirini, tani nzima ya karafuu kavu.

Chukua karafuu moja, uitie alama ya rangi kichwani. Itupe katika magunia hayo ishirini, yachanganye yote, ufungwe kitambaa machoni, kisha uingize mkono utoe karafuu moja. Huo ni mzunguko mmoja. Usipoipata, ile uliyoitoa inarudishwa na magunia yanachanganywa upya kabla hujatia mkono mara ya pili. Lishike sana jambo hili la kurudisha na kuchanganya upya, kwa kuwa ndilo litakalojibu hoja ya “wiki hii haipiti”.

Na kuna michezo mikubwa zaidi ya huo. Mashine za Megabucks, zilizounganishwa katika jimbo la Nevada nchini Marekani tangu mwaka 1986 na kampuni ya IGT, zina uwezekano unaotajwa na wachambuzi kuwa moja kati ya 49,836,032. Namba hiyo haikuokotwa njiani: ni 368 mara 368 mara 368. Mashine ina magurudumu matatu, na kila gurudumu linahesabiwa kana kwamba lina vituo 368, ambavyo kimoja tu ndicho cha jakpoti.

Mtu akiitazama mashine hiyo hatoviona vituo 368. Gurudumu la chuma la zamani lilikuwa na vituo ishirini au ishirini na viwili, na vituo 22 kwa magurudumu matatu hutoa mipangilio 10,648 tu, ambayo haiwezi kubeba zawadi ya mamilioni. Mwaka 1984 mtaalamu aitwaye Inge Telnaes alipewa hataza Marekani kwa ajili ya njia ya kulitatua jambo hilo: kompyuta inachagua namba kutoka katika orodha ndefu, kisha inaliamuru gurudumu lisimame kwenye kituo kilichopangiwa namba hiyo. Alama ya jakpoti hupewa namba moja, na nafasi tupu zilizo juu na chini yake zinaweza kupewa namba nyingi. Jicho linaona gurudumu fupi, kompyuta inazungusha gurudumu refu, na matokeo yake ni kwamba alama ya jakpoti huonekana mara kwa mara ikiwa imesimama nywele moja juu ya mstari. Mchezaji anasema “imenikosa kidogo”. Haikumkosa kidogo, ilichaguliwa namba ya nafasi tupu. Kwenye simu hakuna hata gurudumu. Kuna picha ya gurudumu, na matokeo yamekwisha kuamuliwa na programu ya namba za nasibu wakati picha bado inazunguka.

Kwa kipimo chetu, Megabucks ni magunia mia moja ya karafuu. Ukipenda kuhesabu watu, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, na ingebidi uwe na Zanzibar ishirini na sita ili kupata watu wa kutosha kumchagulia mmoja. Jakpoti kubwa kuliko zote ya mashine hizo ilitoka tarehe 21 Machi 2003 katika hoteli ya Excalibur, Las Vegas, ikiwa zaidi ya dola milioni 39.7. Dau la kushindania jakpoti ni dola 3, na mizunguko milioni 49.8 kwa dola 3 ni madau ya karibu dola milioni 150. Hata rekodi hiyo, kwa hiyo, ni kama robo tu ya madau ambayo kwa wastani hupita mpaka jakpoti moja itoke.

Hatua ya tano: geuza elfu ishirini yako kuwa nafasi

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote, na nakusihi usipaharakishe.

Marejesho yakiwa asilimia 88, kila mzunguko wa shilingi 500 unakurudishia kwa wastani shilingi 440, na shilingi 60 hazirudi. Bila shaka huzioni zikiondoka hivyo. Unaona mara unapata 200, mara hupati kitu, mara unapata 1,500, na hata ile 200 huja na taa na muziki wa ushindi ingawa uliweka 500. Lakini ukizungusha muda wa kutosha, wastani wa 60 hujitokeza.

Kijana akiweka shilingi 20,000 kwenye akaunti, gawa 20,000 kwa 60. Kwa wastani atazungusha mara 333 kabla pesa hazijakwisha. Ndiyo maana anahisi alicheza sana kwa pesa kidogo: elfu ishirini zingetosha mizunguko 40 tu, ila kila anachorudishiwa anakizungusha tena. Kwa mizunguko kumi kwa dakika, ni kama nusu saa na dakika chache.

Mizunguko 333, kila mmoja ukiwa na nafasi moja kati ya milioni 10, inampa nafasi moja kati ya takribani 30,000. Hiyo ndiyo bidhaa aliyoinunua kwa elfu ishirini.

Sasa wachukue watu 30,000, kila mmoja aweke elfu ishirini yake. Jumla ni shilingi milioni 600. Katika watu hao mmoja, kwa wastani, atapata jakpoti, na siku ile mita ilionyesha milioni 180. Ili mchezo uwe wa haki kati ya wachezaji na mwenye mchezo, mita ingepaswa kuwa milioni 600. Kijana wangu alifurahia milioni 180 kana kwamba ni nyingi mno, na kwa kweli haikufika hata theluthi ya inayostahiki.

Namba hii, ambayo kwa mfano wetu ni milioni 600, ndiyo ninayotaka kila mtu aijue kwa mchezo wowote unaomvutia. Unaipata kwa mkato hivi: shilingi zisizorudi katika kila mzunguko, mara idadi ya mizunguko kwa jakpoti moja. Hapa ni 60 mara milioni 10. Ukikuta orodha ya washindi wote waliopita haina hata mmoja aliyeikaribia namba hiyo, basi tangu mchezo uanze hapajapata kuwa na siku hata moja ambayo mchezaji alikuwa na hesabu nzuri.

Utaniuliza: je, mita ikizidi milioni 600? Kwa karatasi, wastani unageuka na kuwa upande wa mchezaji. Lakini wastani huo wote umebebwa na mtu mmoja kati ya 30,000, na wengine 29,999 wanarudi nyumbani mikono mitupu kama siku zote. Ongeza kwamba zawadi hukatwa kodi, na kwamba kanuni nyingine huruhusu mwenye mchezo kulipa kidogo kidogo kwa miaka badala ya kwa mara moja, na mstari wa haki unasogea mbali zaidi.

Hatua ya sita: pima hoja ya “haijatoka siku nyingi”

Angalia mita saa nne kamili usiku, uandike. Iangalie tena saa tano. Sisi tuliona imepanda shilingi 36,000, na kwa shilingi 10 kwa mzunguko, hiyo ni mizunguko 3,600 kwa saa. Tukichukulia kuwa kasi ni hiyo hiyo mchana na usiku, mizunguko milioni 10 huchukua saa 2,778, takribani siku 116. Jakpoti hii basi hutoka, kwa wastani, karibu kila miezi minne.

Siku ile mita ilikuwa imepanda milioni 160 juu ya kianzio, yaani mizunguko milioni 16 imepita bila ya mshindi, kama miezi sita. Kijana wangu alikuwa sahihi kwamba ni muda mrefu kuliko kawaida. Kosa lake lilikuwa katika alilolihitimisha. Kila karafuu iliyotolewa guniani inarudishwa na kuchanganywa, na magunia hayakumbuki mikono milioni 16 iliyokwisha kuingia. Kuanzia usiku ule, muda wa kusubiri kwa wastani ulikuwa bado ni siku 116, sawasawa na siku jakpoti ya mwisho ilipotoka.

Wanafunzi wangu hupata taabu hapa, kwa hiyo nawapa namba nyingine. Ukifikisha mizunguko milioni 10 kamili, nafasi kwamba jakpoti bado haijatoka ni asilimia 37. Ukifikisha milioni 16, ni asilimia 20. Kusubiri kwa miezi sita, basi, hutokea mara moja katika kila mara tano. Ni jambo la kawaida kama mvua ya vuli kuchelewa, na halina ishara ndani yake.

Kuna aina moja ya jakpoti ambayo hoja ya kijana ina ukweli ndani yake, nayo sipendi kuificha. Baadhi ya michezo huandika wazi kwamba jakpoti ndogo lazima itoke kabla mita haijafika kiasi fulani, au kabla ya saa fulani ya siku. Katika hizo, kukaribia kikomo kunaongeza nafasi kweli. Lakini kikomo hicho kila mtu anakiona, wachezaji humiminika wakati huo huo, na wenye mitaji mikubwa huzungusha kwa kasi ambayo mtu mwenye elfu ishirini haifikii. Kama kanuni hazikuandika kikomo, kikomo hakipo.

Mambo madogo yanayoulizwa sana

Kuongeza dau: soma kanuni. Katika baadhi ya michezo, asiyeweka dau kamili hana haki ya jakpoti hata kidogo, na anachangia mita kwa ajili ya wengine. Katika mingine, dau likiwa mara mbili nafasi nayo huwa mara mbili, ambapo kwa kila shilingi hujapata nafuu yoyote, umeharakisha tu. Saa ya kucheza, kubadilisha simu, kuacha mchezo “upoe” kisha kurudi: hakuna kati ya hayo kinachogusa namba za nasibu.

Na yule askari wa Uingereza aliyeshinda zaidi ya pauni milioni 13 kwenye Mega Moolah mwezi Oktoba mwaka 2015 kwa dau la peni 25? Ni kweli, alishinda. Habari yake ilienea duniani kwa sababu ni mmoja. Mizunguko ya wenziwe iliyoijaza mita ile haikuandikwa gazetini.

Hatua ya mwisho: hesabu ulichokwisha kununua

Hatua hii mtu huifanya peke yake, na asilazimishwe kumwonyesha yeyote. Fungua ujumbe wa miamala ya pesa kwenye simu, au omba taarifa ya miezi sita kwa mtandao wako. Jumlisha kila ulichokiweka kwenye mchezo. Jumlisha kila ulichokitoa. Usitegemee kumbukumbu, kwa kuwa kila mtu hukumbuka siku aliyotoa na husahau siku alizoweka. Na ikiwa kuna pesa ulizoshinda lakini ombi la kuzitoa halikujibiwa, usizihesabu. Kijana wangu alikuwa na elfu arobaini za namna hiyo, na mpaka leo anaambiwa asubiri.

Toa kidogo katika kikubwa. Kinachobaki gawa kwa shilingi zisizorudi katika kila mzunguko. Jibu ni makadirio ya idadi ya mizunguko uliyoizungusha. Kisha gawa uwezekano wa jakpoti kwa idadi hiyo, nawe utajua umekuwa na nafasi moja kati ya ngapi kwa muda wote huo.

Alikaa na simu yake mpaka watu wote wamelala. Msimu mzima, pesa za kuchuma zilipokuwa zikiingia, alikuwa ameweka shilingi 640,000 na kutoa 85,000. Iliyobaki ni 555,000. Akaigawa kwa 60, akapata mizunguko 9,250. Akagawa milioni 10 kwa 9,250, akapata 1,081.

“Moja kati ya elfu moja na themanini na moja,” akasema. “Ami, hiyo si mbaya sana.”

Nilimwambia azihesabu. Alichota karafuu kavu kwenye pakacha, akakaa chini ya taa na kuzihesabu kumi kumi kwenye sinia, akakosea mara moja akaanza upya, mpaka zikafika 1,081. Zilimjaa viganja viwili. Nikachukua moja, nikaitia wino wa kalamu nyekundu kichwani, nikamrudishia, akazichanganya mwenyewe. Akafumba macho, akatoa moja, akaitazama taani, akairudisha. Akatoa tena. Alifanya hivyo mpaka karibu na saa nane za usiku, na kila akitoa moja alikuwa akisema kwa sauti ndogo, “laki tano na hamsini na tano elfu.”